Jua Lililogoma kwa Papa Feruzi

Siku ya kwanza ya Ramadani, Papa Feruzi Sumaili alitandika mikeka uani, akapanga tende kwenye sahani ya bati, akafunika uji wa tangawizi, kisha akakaa akitazama milima ya Fizi. Huko ndiko jua la mji wa Baraka linakozama. Mkewe, Mwamini, alikuwa akikaanga ndizi. Msikitini wakaadhini. Feruzi akashika tende, akainua macho, akairudisha sahanini. Jua lilikuwa bado limekaa juu ya bati la choo, jekundu, halina haraka na mtu.

"Banaisha kuadhini," Mwamini akasema.

"Minasikia. Lakini angalia jua."

Mwamini akaliangalia, akapunguza moto chini ya ndizi.

Wakangoja. Jirani yao Bertin, Mkatoliki asiyefunga lakini asiyekosa futari, akaingia na tochi ya simu ikiwaka, maana barabarani giza lilikwisha kuingia. Alipovuka lango akaizima, asimalize betri.

"Kumbe huku kwenu ingali muchana," akasema, akakaa mkekani.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Hapo ndipo Feruzi alipoanza kuhangaika. Huyu ni mtu wa kukirimu watu. Kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi, msikiti mzima hufuturu uani kwake, na ndiyo sababu hata waliomzidi umri humwita Papa. Mwaka huu alikuwa amekwisha kuwaalika. Sasa utawaalikaje watu kufuturu mahali ambapo magharibi haifiki? Akamwita Shehe Kashindi.

Shehe alisimama langoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akatazama giza la barabarani, akatazama mwanga wa uani.

"Mufungaji anafungua fasi jua imezama," akasema. "Ku barabara imezama. Hapa haiyazama. Mutoke inje, mule."

Fatwa ikawa hiyo, fupi. Alipokuwa anageuka kwenda zake akakitazama kiwanja, akauliza, "Hii parseli ilikuwa ya nani?"

"Ni yangu, Shehe."

"Nauliza ilikuwa," Shehe akasema, akaondoka.

Basi familia ikawa inafuturu barabarani, nje ya lango lake yenyewe, pikipiki zikiwapita na kuwatilia vumbi kwenye uji. Kulala nako kukawa shughuli. Mwamini alitundika mablanketi madirishani, yeye akalala. Feruzi hakulala. Kuku nao hawakujua waingie bandani saa ngapi, wakazunguka uani mpaka wakakonda, na Feruzi akazunguka nao. Asubuhi jua la kila siku lilipopanda kutoka ziwani, lile lingine lilikuwa bado lipo juu ya choo, na kila mtu aliyepita uani akawa na vivuli viwili. Watu walizoea upesi.

Tena walifurahi. Baraka umeme ni wa kubahatisha, na mvua za msimu huo zilikuwa zinaozesha ndagala za akina mama kabla hazijakauka. Wakaja na mikeka yao, wakaanika samaki jioni hadi jioni. Clarisse, mshonaji, akahamishia cherehani yake chini ya dirisha, apate kumaliza nguo za Idi. Wanafunzi wakaleta madaftari. Kila aliyeingia alisema aksanti, na kila aksanti ilimkera Feruzi, kwa kuwa alijua vizuri sana Shehe alikuwa anauliza nini.

Kiwanja kilikuwa cha baba wa mwanamke mmoja wa mjini humo, Adolphine. Mwaka wa vita, mzee yule alivuka ziwa na watoto wake kwenda kambini Tanzania. Feruzi akaikuta nyumba tupu, akaingia, akajiambia anaitunza tu. Akaezeka bati, akajenga ukuta, akasahau kujiambia. Wenyewe waliporudi, chefu wa mtaa wa siku zile akawaomba wavumilie. Mzee alivumilia mpaka akafa, kwenye chumba cha kupanga. Adolphine sasa anauza ndagala kando ya ziwa, na wakikutana njiani na Feruzi wanasalimiana vizuri, na Feruzi huongeza mwendo.

Siku moja akamfuata huko ziwani, na hakuongeza mwendo. Alimkuta anapimia mteja ndagala kwa kopo, akamweleza habari za jua.

"Iko juu ya choo?" Adolphine akauliza. "Nyekundu?"

"Njo hiyo."

"Basi ni ya kwetu. Saa ile njo tulikimbia. Mama alikuwa anapika sombe, haiyaiva. Tukasikia masasi ya bunduki, tukaacha chungu ku moto. Ile mangaribi hatukuiona ikiisha." Akamwongezea mteja ndagala kidogo za juu. "Njo maana ingali pale."

"Sasa, mama, uiambie ishuke. Niko na bageni."

"Mi siwezi kuiambia kitu. Iko mu parseli yenye unaita yako. Siku ya futari usimame mbele ya bantu, useme hii fasi ni ya kina Adolphine. Itashuka."

"Na mi niende wapi?"

"Hata siye tulijiuliza vile," Adolphine akasema. Hakusema kwa ubaya.

Feruzi alirudi amenuna njia nzima. Roho haikutulia tena. Akiswali anaona choo, akila daku anaona choo. Kuna saa alisema liwalo na liwe, atasema. Halafu anapapasa ukuta aliojenga kwa mikono yake, anakumbuka wanawe wote wamezaliwa humo, moyo unarudi nyuma. Mwamini akamwambia, "Sema tu, Baba Zaituni. Tutapanga nyumba. Bantu banapanga." Akamjibu kwamba kichwa kinamuuma.

Siku ya futari mikeka ilitandikwa barabarani toka lango hadi kwa Bertin, na msikiti mzima ukaja. Adolphine naye alikuja, akasimama pembeni na beseni lake. Watu walipokwisha kuonja tende na kuswali, Feruzi akasimama. Kutoka pale alipokuwa aliliona jua kupitia langoni. Lilikuwa linashuka. Lilishuka taratibu nyuma ya bati mpaka ukabaki ukingo wake tu, na mle uani Clarisse akasimamisha cherehani, kwa sababu haoni uzi.

"Bandugu," Feruzi akasema.

Shehe akaweka kikombe chini. Feruzi alikuwa na maneno yote mdomoni, yamepangika. Akautazama ukuta.

"Bandugu, chakula iko mingi. Mule, musibakishe kitu."

Wakaitikia, wakala. Jua likapanda tena hadi mahali pake juu ya choo, na cherehani ikaendelea. Shehe aliuombea dua ukarimu wa mwenye nyumba, dua ya kawaida, wala hakuirefusha. Feruzi aliona aibu iliyomfika hadi kwenye masikio, lakini aliendelea kugawa nyama.

Idi ikaja, watoto wakavaa nguo za Clarisse. Ramadani ikaenda zake, jua likabaki. Mtaani watu wakaacha kulizungumzia.

Jioni moja ya Mfungo Mosi, Feruzi akifunga zile sita za sunna, Adolphine akaja langoni na mkeka kichwani na beseni la ndagala mbichi. Akabisha hodi.

"Mvua imenisumbua," akasema. "Naomba fasi ya kuanika."

Feruzi akamwonyesha pembe ya ukuta, kulikokuwa na nafasi. Adolphine akaipita, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya ua, akafagia kwa kiganja mahali pale palipokuwa zamani na mafiga ya mama yake. Akatandika hapo. Akazitawanya ndagala moja moja, mgongo wake ukilielekea jua.

"Kesho uje mapema," Feruzi akamwambia. "Fasi inajaa."

"Aksanti, baba," Adolphine akasema.

Msikitini wakaadhini. Feruzi akachukua tende zake, akatoka barabarani, gizani, akafungua.