Gauni Ambalo Sikulipunguza

Picha ya tumbo ilipoonyesha uvimbe kwenye ini, sikungoja kuambiwa. Niliamua mwenyewe kuwa ni saratani. Mimi ni fundi cherehani, na mpumbavu pia: niliyapunguza magauni yangu yote yamkae mdogo wangu, mwembamba kama sindano, aliyekuja kuniuguza na kumpikia mume wangu. La harusi tu sikuligusa.

Leo daktari amesoma kipimo cha pili. "Mama, hii si saratani. Ni fundo la mishipa ya damu tu, halina madhara. Nenda nyumbani."

Nilifika nahema. Mdogo wangu alikuwa mbele ya kioo, amevaa gauni langu la harusi, amelibana kwa pini kiunoni. Nikamweleza yote.

Uso ukamshuka. "Sasa dada, shemeji nitamwambia nini?"