Hoja ya Nanasi

Mdogo wangu Twalib ana akili, hilo sibishani na mtu. Tangu utotoni alikuwa anakuuliza maswali mpaka unatamani kumzaba kibao. Ila akili ile ilikwenda kupata wenzake mtandaoni, na hao wenzake ndio walioniharibia mdogo wangu. Nikishasema hivyo nakumbuka kwamba hata mimi nilikuwamo, basi nanyamaza.

Lilikuwa kundi la WhatsApp linaloitwa Wenye Kufikiri. Watu wengi, wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, na mmoja yuko Ujerumani, ndiye mkali kuliko wote. Kazi yao kupima hoja. Mtu analeta jambo lake, aache kazi asiache, aoe asioe, amchukue mkwewe akae naye au amwache huko huko, na wenzake wanalichambua mpaka linabaki mifupa. Ukisema kitu kwa hasira, unapigwa kengele. Ukisema kwa sababu ndivyo wazee walivyosema, kengele. Wanakuwekea kile kikaragosi cha kengele ya njano, na ukishapigwa unatakiwa ushukuru. Na watu wanashukuru kweli. Nimemwona mwanamume aliyefiwa na mkewe anaambiwa huzuni yake imezidi kipimo, na yeye anajibu, "Asante, nitaliangalia hilo." Nikasema moyoni, huyu angekuwa jirani yangu ningempelekea uji, nisingempelekea kengele.

Twalib ndiye aliyeniingiza. "Dada Tatu, wewe una kichwa, unakiozesha kwenye cherehani," aliniambia. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Bagamoyo, na hakuna aliyewahi kuniambia nina kichwa, wananiambia nina mkono. Nikafurahi, nikaingia. Sikuandika hata neno. Nilikuwa nasoma tu pasi ikipata moto, nacheka kidogo, narudi kwenye kazi.

Twalib mwenyewe akawa hasemeki. Ukimwambia naona mvua itanyesha, anakuuliza asilimia ngapi. Ukimwalika harusi, anataka kujua faida yake. Hitima ya baba yetu hakuja, akasema marehemu hanufaiki na pilau. Mama alilimeza lile. Alisema mtoto ana kazi nyingi Dar, na akaniangalia kwa namna ya kunizuia nisijibu.

Mama yetu ni Bi Mina wa Kiwangwa, mjane, mkulima wa mananasi. Mwaka huu Mungu alimjalia, akapata nafasi ya kwenda Makka kuhiji. Kwetu, anayekwenda safari hiyo haondoki hivi hivi. Anapita kwa jamaa na majirani, nyumba kwa nyumba, anaomba radhi. Anasema nisamehe, na wewe unamwambia nimekusamehe, kwa mdomo wako, asikie kwa masikio yake. Akishamaliza inasomwa dua nyumbani kwake, na mwanawe mkubwa wa kiume anakaa ubavuni pake, pale ambapo mumewe angekaa. Kwa mama, huyo ni Twalib, hana mwingine.

Basi mama akamtumia Twalib ujumbe wa sauti, maana kuandika kunamchosha macho. Mimi nimeusikia mara nyingi mno sasa, nimeukariri bila kupenda. "Twalib mwanangu, najua una kazi. Njoo siku ya dua, ukae alipokuwa akikaa baba yako. Angekuwa hai nisingekusumbua. Mimi mtu mzima, na safari ile wengine hawarudi. Usipokuja nitakwenda, lakini moyo wangu utabaki huku. Nimekutunzia nanasi lile la kando ya kaburi la baba yako. Watoto wanalimezea mate, nawafukuza."

Mtu mwingine angejibu, "Nakuja, mama." Yule bwana akaupeleka ujumbe kundini. Akaeleza kwamba kuna mama mmoja, hakumtaja, anamwita mwanawe kwenye shughuli, na mwana anataka kujua anasukumwa na sababu au anasukumwa na hisia. Halafu akaiweka sauti yenyewe, watu wasikie wapime. Kanuni yao ni kwamba jambo likishaondolewa jina limekuwa mfano tu, halina mwenyewe.

Mjinga sana. Mama ndiye anayeongoza kaswida za wanawake kwenye maulidi, tangu Kiwangwa mpaka Makurunge. Hakuna mtu wa upande ule asiyeijua sauti ile. Wengine wakisikia tu anavyovuta pumzi wanamjua. Yaani ungeondoa jina na ukabakisha uso, Twalib, si ingekuwa ni yale yale? Lakini kundi zima, na akili zote zile, hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mama ni nani, na anajua kwamba tunamsikiliza?

Walimchambua vizuri. Kusema wengine hawarudi ni kumtisha mtoto, kengele. Kumtaja baba ni kumtumia maiti asiyeweza kujibu, kengele. Moyo utabaki huku, hapo anamtia hatia ili apate anachotaka, kengele tena. Yule wa Ujerumani akaandika, "Jamani msisahau hoja ya nanasi. Hii ni aina mpya, haimo vitabuni." Kundi likaangua kicheko. Wakawa wanaitana, nipe hoja ya nanasi, leo bosi kanipiga hoja ya nanasi.

Na mimi nilicheka. Nilikuwa na nguo ya mteja mkononi, sikuwa nimefungua sauti, nimesoma tu maandishi. Nikabonyeza kale kauso kanakocheka mpaka machozi, nikaendelea kupiga pasi. Nilipokuja kufungua ile sauti baada ya sala ya alasiri, nikamsikia mama yangu. Nikaenda kukaondoa kale kauso. Nikampigia Twalib nikamtukana mpaka sauti ikakauka, na yeye ananiambia, "Dada, sikutaja jina." Nikajitoa kundini siku hiyo hiyo, nikajiona nimemaliza.

Kumbe mmoja wao ana jamaa Lugoba. Alishachukua sauti, akachukua na picha za maandishi yote na orodha ya waliocheka, akawarushia jamaa zake wacheke. Lugoba na Kiwangwa si mbali.

Jumamosi asubuhi mama akatokea dukani kwangu na kipochi chake. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Nipeleke kwa Twalib." Nikauliza kuna nini. Akasema, "Nimesikia sauti yangu kwenye simu ya watu. Samia wa jirani alinifungulia, akanisomea na yaliyoandikwa. Masikini, alidhani ananisaidia."

Nikafunga duka na nguo ya harusi ya mtu iko mezani. Njia nzima mpaka Tegeta nilikuwa namsema Twalib. Kwamba hana haya. Kwamba elimu imemwingia vibaya. Kwamba mtu mwenye damu hawezi kumwanika mama yake mbele ya watu asiowajua wamkague kama samaki wa mnadani. Nilisema mengi na nilisema kwa sauti, kwa sababu kila nikinyamaza nakaona kale kauso kanacheka. Mama alikuwa ananisikiliza. Mara mojamoja ananitazama, halafu anatazama nje. Nikajiambia hajui, angejua angeshasema.

Twalib anakaa kwenye nyumba ya kupanga, juu ghorofani, ngazi kwa nje, sebule safi, vitabu vimepangwa. Alipofungua mlango rangi ilimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti, nilete maji."

Mama hakwenda kwenye kiti. Alivua viatu, akakaa chini kwenye zulia, akakunja miguu, akashusha mtandio mabegani. Twalib akababaika, akakaa na yeye chini kwa haraka, magoti yakagonga meza. Mimi nikabaki mlangoni na mikono kiunoni, nasubiri mtu atandikwe. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsaidia mama maneno kama yangempungukia.

Mama akasema, "Twalib, mimi nakwenda safari. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mama..."

"Ngoja. Nimeambiwa nilikutisha, niliposema wengine hawarudi. Nisamehe. Nimeambiwa nilimtumia baba yako na yeye hawezi kujibu. Nisamehe. Nimeambiwa nilikutia hatia ili nipate ninachotaka. Hilo nimelifikiri sana. Nikaona inawezekana ni kweli, maana nilitaka uje, na sikujua njia nyingine ya kukwambia. Nisamehe na hilo."

Hakuwa anakejeli. Ningejua kama anakejeli, mama akikejeli hata mbuzi wanajua. Alikuwa amelichukua kila neno la wale watu, akakaa nalo nyumbani, akajiuliza kama ni lake. Wao hawakuwahi kumfanyia hata nusu ya hilo.

Twalib akasema, "Mama, wale watu hawakujui."

"Wewe unanijua. Na wewe ndiye uliyewapa."

Akainamisha kichwa. Simu yake iliwaka mezani, akaigeuza kifudifudi bila kuitazama. "Hukunikosea kitu, mama. Ukiangalia kwa haki, mimi ndiye..."

"Sikukuuliza kama nimekosa," mama akasema, taratibu kabisa. "Nimekuomba unisamehe. Sema nisikie, niende zangu."

Hapo ndipo nilipoona alivyobanwa. Akisema nimekusamehe, amekubali mbele yangu kwamba mama alimkosea, kwamba kengele zile zilikuwa halali. Asiposema, amemwacha mama aende Makka na mzigo wa mwanawe shingoni. Mtu huyu na hoja zake zote, hakuwa na mahali pa kutokea. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Nilimwonea aibu nikageuza macho, maana kuna namna ya kumwona mtu ambayo ni kumwibia.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Na mimi nisamehe."

"Wewe nimeshakusamehe tangu Kiwangwa. Ningekuja vipi kama sijakusamehe?"

Nikapumua. Nikaona limekwisha, nikashusha mikono, nikaanza kutafuta jikoni ni wapi nimletee maji. Mama akageuka pale pale chini alipokuwa.

"Na wewe, Tatu."

"Mimi, mama?"

"Njoo ukae." Nikaenda nikakaa. "Samia alinisomea na majina ya waliocheka. Alipofika kwenye lako nikamwambia arudie, nikadhani amekosea kusoma. Akarudia. Niliyomkosea Twalib nimeambiwa, nimeyajua. Lako sikuambiwa. Sijui nilikukosea nini mpaka ukacheka. Basi nisamehe hilo nisilolijua."

Nilitaka kumwambia sikuwa nimefungua sauti. Nilitaka kumwambia nilikaondoa. Nilikuwa na sababu, tena nzuri, na zote zilikuja mdomoni kwa pamoja, nikazisikia zinavyofanana na za Twalib. Na yale matusi yote niliyoyamwaga njiani, mama kaketi ubavuni mwangu anajua, ananiacha niseme. Nilitamani zulia linimeze. Nilimtazama Twalib anisaidie, na yeye alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, mimi sina..."

"Sema, mwanangu. Jua linakwenda."

"Nimekusamehe, mama."

Sijawahi kusema neno baya kuliko hilo, na nimesema mabaya mengi kwenye maisha yangu. Mama akasema alhamdulillahi, kama alivyosema kwa Twalib. Ndipo alipokubali maji, akanywa glasi nzima, akapandisha mtandio kichwani, akainuka.

Twalib akasimama naye. "Siku ya dua nitakuja, mama. Nitakaa pale ulipotaka."

"Karibu," mama akasema. Ilikuwa karibu ya mgeni, naijua.

Na yeye aliisikia. Akahangaika, akashika kitasa cha mlango, akakiachia. "Na lile nanasi langu, mama? Bado lipo?"

"Lipo. Niliamka nilikate nije nalo," mama akasema, anavaa viatu. "Nikaliacha. Nilisikia linachekesha watu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Twalib akabaki mlangoni, na tulipofika chini nilitazama juu nikamwona bado amesimama pale pale.

Kufika barabara kuu, magari yalikuwa hayakatiki. Nikamshika mama mkono nimvushe, kama ninavyomvusha siku zote, na siku zote huwa ananikemea kwamba yeye si kipofu. Safari hii hakunikemea. Tulipofika ng'ambo aliutoa mkono wake kwenye wangu polepole, akaniambia asante.