Mlango Mmoja

Tangu Lugano apunguzwe kazi kiwandani, kila jioni ilikuwa ni kuchagua upya mtaa wa kuhamia Dar es Salaam: leo Manzese, kesho Tandika. Mkewe, Elina, alikuwa na swali lile lile: "Nyumba ina milango mingapi?" Wangehama na baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Hapa kijijini Suma, mzee akikohoa tu, Elina hupotelea migombani kwa mlango wa nyuma.

"Chumba kimoja, mlango mmoja! Ndio uwezo wetu," Lugano alifoka, hoi.

Nje, mzee akakohoa. Elina akainuka kwa mazoea.

"Lugano, mwambie mkeo akae," mzee alisema. "Chukueni hicho chumba. Mimi nabaki."

Elina alitaka kumshukuru, akakumbuka kwamba hata hilo haruhusiwi.