Bunduki Isiyo na Kitako

Bi Imogene Hamrick alipotoka kufanyiwa upasuaji wa bega la kulia, daktari alimwonya asinyanyue kitu kizito kuliko sufuria ya maharage. Akarudi shambani kwake, kule juu kwenye bonde letu la Buckeye, West Virginia, akakuta kondoo wake wameanza kuzaa, na koyote walishaipata habari hiyo kabla yake. Koyote ni mbwa mwitu wa huku kwetu: mwembamba, mjanja, hana haya. Wiki ile ile walibeba wanakondoo wawili, na wa tatu wakamwacha nusu kando ya uzio.

Marehemu mumewe, Clell, alikuwa amemwachia bunduki moja ndefu ya marisau, ile unayoikoki kwa kuvuta mshikio wa mbele. Bi Imogene aliijua kama anavyokijua kikaango chake. Ila bunduki ya aina hiyo inataka bega. Unakiegemeza kitako pale, unalaza shavu juu yake, unalenga, na teke lake lote linaishia mwilini mwako. Bega la Bi Imogene sasa lilikuwa chuma na plastiki.

Mwanawe wa pekee, Darrell, alikuwa askari magereza, akiishi mbali kiasi cha mtu kuweza kusema anakuja kisha asije. Jumamosi hiyo alikuja. Akaketi jikoni na sahani ya maharage na mkate wa mahindi, akasikia habari za wanakondoo.

"Mama, uza hao kondoo."

"Nikiwauza nitaongea na nani? Na wewe?"

Darrell alimega kipande kingine cha mkate. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Basi nikutengenezee bunduki ya Baba," akasema. "Tatizo ni kitako. Tunakitoa, tunaweka mpini kama wa bastola. Unaishika usawa wa kiuno, bega halihusiki kabisa. Kuna mwenzangu kazini anayo hivyo."

"Na kulenga nalenga na nini, kitovu?"

"Marisau hayahitaji kulengwa, Mama. Yanatawanyika."

Bi Imogene alitaka kumjibu, akaacha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa Clell kumwona kijana huyu ana hamu ya kufanya kitu katika nyumba ile.

Darrell akaingia kwenye banda la zana la baba yake, akafungua kitako cha mbao, akaufunga mpini mweusi wa plastiki mahali pake. Akaona mbele bado kunazidi uzito. Mtutu ulikuwa mrefu kupindukia kwa mama mwenye mkono mmoja mzima. Akaubana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. Sheria aliijua, au tuseme aliijua nusu: mtutu wa bunduki ya marisau usipungue inchi kumi na nane. Akapima, akaweka alama, akakata. Msumeno ukaenda upande. Akanyoosha kwa tupa, bado umepinda, akakata tena kidogo, akanyoosha tena. Mwisho ukawa safi, wa kupendeza macho. Hakupima mara ya pili.

Wakaenda nyuma ya zizi kuijaribu. Darrell akaweka ndoo ya plastiki juu ya gogo, hatua chache tu kutoka walipo, akaishika bunduki kiunoni akafyatua. Ndoo haikutikisika. Akafyatua tena, gogo likaruka maganda. Mara ya tatu ndoo ikaanguka.

"Umeona?"

"Nimeona ilivyoogopa," akasema Bi Imogene.

Zamu yake ilipofika aliishika kama alivyoelekezwa, mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto mbele. Bunduki ikaruka kama samaki aliyenaswa. Teke ambalo zamani lingemalizikia begani likapita lote kwenye kifundo cha mkono, na kutoka hapo likapanda mpaka kwenye bega lile lile walilokuwa wanalikinga. Machozi yakamlenga. Akageuka, akajifanya anaangalia kondoo.

"Vipi?" Darrell akauliza. "Nyepesi, sivyo?"

"Nyepesi sana, mwanangu. Ahsante."

Usiniulize kwa nini alisema hivyo. Mwenye mtoto anajua.

Aprili ilikuwa inaelekea ukingoni, asubuhi yenye jua, koyote alipoingia malishoni bila hata kujificha. Bi Imogene alimwona akiwa anaosha vyombo. Akachukua bunduki, akatoka na viatu vya ndani. Koyote alikuwa ameinama juu ya kijikondoo kilichokwama kwenye matope. Akaishika bunduki kiunoni, akaielekeza alikodhani ndiko, akafyatua.

Asilolijua ni kwamba jirani yake, mzee Okey Dillon, naye alikuwa amemwona koyote yule, na alikuwa anakuja kando ya uzio na fimbo mkononi kumsaidia. Bunduki iliuponyoka mkono wa Bi Imogene, ikampiga mdomoni, ikaanguka chini. Marisau yalipita juu na kushoto. Koyote alikimbia mzima. Okey alisimama ameshika sikio, damu ikimchuruzika kati ya vidole.

"Imogene," akasema taratibu, "mimi nilikuwa upande wako."

Bi Imogene alifika alipo bila kujua amepitia wapi. Risau moja ilikuwa imetoboa ncha ya sikio, nyingine imechana ukingo wa kofia. Upana wa kiganja zaidi kuelekea ndani na Bi Imogene angekuwa anamtafutia mchungaji wa kumzika. Viatu vya ndani vikateleza kwenye matope; Okey ndiye aliyemshika asianguke, naye ndiye mwenye jeraha.

Bi Imogene akampeleka hospitalini kwa pikapu yake, mdomo umemvimba, mkono mmoja kwenye usukani.

"Taratibu basi," Okey akamwambia. "Umeshanikosa mara moja, usinimalizie barabarani."

"Nyamaza, Okey."

"Na hicho kidude ulichonipigia ni nini? Nimeona kama umeshika mguu wa meza."

"Kanitengenezea Darrell."

Okey akageuka kutazama barabara. Alimfahamu Darrell tangu anatambaa.

Hospitalini, mtu akija na jeraha la risasi, lazima wapige simu kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya. Kwa hiyo alasiri ile gari la polisi lilipanda bondeni, akashuka afande Lacey Bragg, binti mdogo tu, ambaye utoto wake wote alipelekwa shule na basi alilokuwa akiliendesha Bi Imogene. Alichukua maelezo kwa upole. Kisha akaomba kuiona bunduki.

Aliigeuza mikononi. Akahakikisha haina risasi, akaifunga, akatumbukiza ufito ndani ya mtutu mpaka ukagota, akauwekea alama ya kidole pale mdomoni, akauchomoa na kuulaza juu ya meza kando ya futi. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Bi Imogene, nani aliukata huu mtutu?"

"Kwani mpini ndio kosa?"

"Mpini hauna neno. Hapa kwetu ukitaka funga mpini, ukitaka funga mkia wa ng'ombe. Majimbo mengine yana kanuni zake, ila hapa mpini si kosa. Nazungumzia mtutu. Ukipungua inchi kumi na nane, na hujasajiliwa kwanza na serikali kuu, ni kosa la jinai la nchi nzima. Watu wanafungwa. Huu umepungua robo inchi."

"Robo?"

"Robo inatosha. Nani aliukata?"

Bi Imogene alifikiria kazi ya Darrell. Migodi ilipofungwa, vijana wengi wa bonde waliondoka. Yeye alisubiri sana mpaka gereza likamwajiri. Askari magereza mwenye kesi ya silaha, nani atambakisha?

"Mimi," akasema. "Niliukata mwenyewe."

Lacey alimtazama mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Kwa msumeno wa chuma?"

"Ndiyo."

"Hebu niinulie huo mkono, Bi Imogene. Mpaka usawa wa sikio tu."

Mkono uliinuka mpaka kifuani, ukakwama. Alijaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Lacey akainama, akaushika ule mkono na kuurudisha mapajani taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Usinifanyie hivi," akasema. "Nikiandika uongo nimekwisha, na nikiandika ukweli nakuumiza."

Mlango ukafunguliwa kabla hajajibiwa. Darrell aliingia na sare yake ya kazi. Okey alikuwa amempigia simu kutoka hospitalini. Aliona bunduki, futi, mdomo wa mama yake uliovimba. Akaelewa yote kwa mpigo.

"Ni mimi," akasema. "Nilikata mimi, kwenye banda la Baba. Nilipima, ila sikupima mwisho. Yeye hana analojua."

"Darrell, kaa kimya," mama yake akasema.

"Nimekaa kimya miaka, Mama. Angalia mdomo wako."

Lacey aliandika alichosikia, akaufungua mtutu na kuuchukua, akawaambia neno la mwisho si lake wala si la sherifu. Litatoka kwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Kiwiliwili cha bunduki akawaachia.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Gereza lilimsimamisha Darrell kazi. Hakuwa na pa kwenda asubuhi, basi akawa anakuja kwa mama yake, kulisha kondoo na kuziba uzio. Siku za mwanzo waliongea habari za mvua tu. Siku moja, wakimnywesha mwanakondoo yatima, akauliza:

"Ilikuwa inakuumiza tangu siku ile ya ndoo?"

"Ilikuwa inaniumiza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Darrell aliweka chupa chini. Alilia kama wanaume wa huku wanavyolia, yaani aligeuka na kuanza kukagua nguzo ya uzio ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama yake akaenda kuikagua pamoja naye.

Okey, na bandeji yake sikioni, alikwenda mwenyewe kwa sherifu kusema hana malalamiko na mtu. Akaambiwa si suala la malalamiko. Akasema anajua, ila na wao wajue. Ikawa kwamba mwendesha mashtaka alisoma maelezo yote, akaona ni mtu aliyekosea kipimo na akakiri bila kuulizwa, akaamua kutofungua kesi. Mtutu ukakatwa vipande. Darrell alirudishwa kazini, ila ile nafasi ya usajenti aliyokuwa anaingojea akapewa mwingine, na hajaipata mpaka leo. Huwa halalamiki. Anasema kuna wafungwa mle ndani waliofungwa kwa kosa dogo kuliko robo inchi.

Waliibeba bunduki wakaenda nayo kwa Wendell Propst, fundi bunduki wa mjini, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Kwa hiyo hii mipini ni ya nini, kama haifai?" Darrell akamuuliza.

"Nani kasema haifai? Ina watu wake," Wendell akasema. "Mwenye mtumbwi mwembamba kwenye mto wenye dubu, au mtu wa kupita milango iliyobana, tena aliyefanya mazoezi. Naye bado anainyanyua usawa wa macho, hapigi kutoka kiunoni. Watu wanadhani marisau yanafunguka kama mwavuli. Umbali wa kutoka hapa mpaka mlangoni yanafunguka kama ngumi. Ukikosa, umekosa."

"Nimemkosa koyote nikampata Okey," Bi Imogene akasema.

"Nimesikia. Bonde zima limesikia." Akamgeukia. "Bega la kushoto lina shida gani?"

"Halina shida. Mimi ni wa kulia, basi."

"Mama yangu alikuwa wa kulia mpaka alipopata kiharusi. Sitini na kitu, akajifunza upya kila kitu, hata kuchana nywele."

Akamtengenezea kitako kifupi cha kimo chake, chenye mpira mnene nyuma wa kumeza teke, akaweka mtutu mpya wa kiwandani wa urefu halali, na kumtafutia risasi nyepesi. Kila Jumapili baada ya kanisa, Darrell alisimama nyuma yake malishoni, mkono mgongoni, naye akijifunza kufumba jicho alilozoea kulifumbua. Mwanzo alikuwa anapiga mawingu. Majani yalipoanza kugeuka rangi, ndoo ikawa haisimami.

Lakini koyote hakumpiga. Haikuhitajika. Okey ndiye aliyemletea punda, jike la kijivu lenye roho mbaya, alilolichukua kwa binamu yake aliyechoka kung'atwa. Punda hawapendi mbwa wa aina yoyote. Siku ya pili tu, tukiwa tumeketi barazani kwa Bi Imogene na kahawa, koyote wawili walichungulia kutoka msituni. Punda alitega masikio, akashuka mteremko mbio akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kanisani wala sokoni, akamrusha mmoja wao juu ya uzio kwa mateke ya nyuma.

Okey alikunywa kahawa yake.

"Huyo," akasema, "analenga."

Bi Imogene alicheka mpaka akajishika bega. Darrell alikuwa ameahidi kuondoka kabla ya saa sita, kwa kuwa alikuwa na zamu jioni. Alitazama saa, akainuka, akaenda jikoni kutazama kama maharage yameiva.