Chungu cha Mina

Asubuhi ya Jumatatu moja, mwaka 1884, Ashatu binti Ramadhan alipanga mitungi minne na debe moja tupu la mafuta ya taa kwenye roshani ya nyumba yake, Bagamoyo. Hakuwahi kupanda hata kitunguu maishani mwake. Alichokuwa nacho ni kijicho. Ng'ambo ya njia, roshanini kwa Kanchan, mke wa Natvarlal muuza nguo, mrehani ulistawi hata harufu yake ikawa inavuka na kuingia vyumbani mwa watu bila hodi.

Udongo mweusi ulitoka Makurunge, kichwani mwa Mina, mjakazi wake, kikapu baada ya kikapu. Kupanda alipanda Ashatu mwenyewe, maana kwa jambo la kumkomoa jirani mtu hatumi mjumbe. Akamwagilia asubuhi, adhuhuri na magharibi. Siku ya nane mirehani yote ikawa manjano na mitungi ikaanza kunuka.

“Haina matundu, Bibi,” Mina alisema. “Maji hayana pa kutokea.”

“Na wewe ulikuwa ukiniangalia tu?”

“Bibi hakuniuliza.”

Mina akachukua msumari na jiwe, akavitoboa vyombo vyote chini, akatandaza vigae kabla ya kurudisha udongo. Mirehani mipya ikashika. Udongo uliobaki akautia katika chungu kilichovunjika mdomo, akafukia punje za mtama zilizodondoka kwa wapagazi wa Unyamwezi, waliokuwa wakiteremsha pembe.

Mtama ukaota siku ya tatu. Siku ya tano ikaota nyumba ya msonge. Siku ya saba akatoka mwanamke, kimo chake kidole, akafagia kiwanja na kuanza kutwanga. Alikuwa mama yake Mina. Walionana mara ya mwisho siku Mina alipokamatwa akienda kuteka maji.

“Nyamizi!” mama aliita, kwa jina lake la kwao. “Umekula?”

“Nimekula, mama,” Mina alijibu, na kuendelea kufua.

Bwana Abdala, mume wa Ashatu, alipanda kutazama. Akasema moshi wa jiko la mle chunguni usifike kwenye mapazia, akashuka zake.

Ashatu roho ilimuuma. Mirehani yake sasa ilikuwa na majani mapana kuliko ya Kanchan, lakini Kanchan alikwisha kumtoka moyoni. Alikuwa akimwonea wivu mjakazi wake, alijua hivyo, na aibu haikumpunguzia kitu. Mama yake mwenyewe alikuwa Unguja, hai, mzima wa afya, na tangu amwoze hakumletea hata salamu. Nyumba nzima walimwita Bibi. Akila asile, hapakuwa na wa kumwuliza.

Akakihamishia chungu chumbani kwake na kumkataza Mina kupanda ngazi. Akakimwagilia kwa maji ya waridi.

“Shikamoo, bibi,” mwanamke alisema.

“Marahaba. Niite Ashatu.”

“Ahsante, bibi. Nyamizi yuko wapi?”

“Yuko kazini.”

“Atamaliza lini?”

“Kazi za nyumba hii haziishi.”

Mwanamke akafikiri kidogo. Akazima moto, akaegesha mlango, akajifunga kaniki vizuri na kushuka kwenye ukingo wa chungu. Ngazi zilimchukua siku mbili. Usiku alilala kwenye kidato cha tisa. Ashatu alimruka mara nne akipita. Alitumaini atachoka arudi.

Hakurudi. Alifika jikoni, na kwa kuwa kilichomo jikoni mwa Bibi ni cha Bibi, alipewa kazi ya kuchambua mchele. Mawe aliyaona kuliko mtu yeyote. Akapewa na jina, Faida, kama ilivyokuwa desturi kwa wote walioletwa kutoka bara. Kule juu mtama ukakauka na nyumba ya msonge ikaanguka.

Siku moja baada ya alasiri Ashatu alisimama juu ya ngazi akisikiliza. Walikuwa wakicheka huko chini, mtu na mwanawe, wakiitana kwa majina yao ya kwao. Akavua viatu, akashuka haraka ili asikose neno.

Alipotokea mlangoni wakanyamaza. Mina akainuka kwenye kigoda, mama yake akasimama wima ndani ya ungo.

“Mlikuwa mnacheka nini?”

“Hakuna, Bibi,” wakasema wote wawili.