Maneno Thelathini na Nane ya Ziada

Saa mbili na dakika kumi asubuhi jaji wa mashindano ya historia ya shule alianza kuhesabu maneno ya ubao wa maonyesho. Alihesabu kwa ncha ya penseli bila kugusa ubao. Alikuwa mtunza nyaraka mstaafu na hakuruka hata kiunganishi.

"Mia tano thelathini na nane," alisema. "Mwisho ni mia tano. Ubao ukizidi unatolewa, unageuzwa ukutani."

Ubao ulikuwa wa msichana wa kidato cha tatu. Mada yake ilikuwa moto wa kiwanda cha magodoro, miaka arobaini na sita iliyopita. Kushoto alibandika orodha ya gazeti: wafu arobaini na mmoja, wote waajiriwa wa kudumu. Kulia aliandika majina ishirini na mawili ya vibarua, ambao kiwanda hakikuwaandika popote. Aliyakusanya kwa miezi saba, kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, na kila jina lilithibitishwa na watu wawili. La tisa lilikuwa la mdogo wa bibi yake.

"Majina ya gazeti hukuyahesabu, mzee."

"Hayo ni nukuu ya hati. Haya umeyatunga wewe."

"Sikuyatunga. Niliyakusanya."

"Kwa kanuni ni maneno yako. Mawili mawili, arobaini na manne. Sheria ni msumeno, binti."

"Huu unakata vibarua tu."

Jaji aliandika muda kwenye kadi. "Una mpaka saa nne."

Mwalimu wa historia alimvuta kando. "Toa majina. Usinikodolee macho. Hapa tunashindana, hatuzikani. Alama ziko kwenye hoja, na hoja yako ni mlango."

Hoja ilikuwa aya moja ya maneno arobaini: kwamba mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kila zamu, kwa amri ya meneja, ili vibarua wasitoroke na nyuzi. Wanawake wawili waliopona walikubali kusimulia, wakakataa kunukuliwa. Ndiyo maana aya nayo ilihesabiwa. Maneno mengine yalikuwa maelezo ya picha na tarehe, ambayo kanuni ililazimisha yawepo yote.

"Bibi anakuja saa sita," msichana alisema. "Aliniomba jina la mdogo wake tu."

"Bibi yako si jaji."

Msichana alikata karatasi nyeupe, akaipaka gundi, akaifunika aya ya mlango. Jaji alihesabu upya: mia nne tisini na nane. Ubao uliingia fainali ukiwa wa mwisho kati ya mbao tano. Kwenye fomu ya alama kulikuwa na mstari mmoja: "Chanzo cha vifo hakijaelezwa."

Bibi alifika saa sita na dakika ishirini. Alivaa miwani, akasoma majina ya kulia moja baada ya jingine. Kwenye la tisa alisimama, kisha akaendelea mpaka mwisho.

"Umemwona?" msichana aliuliza.

"Nimemwona. Mlango uko wapi?"

"Uko chini ya hii karatasi. Ilibidi nichague, bibi. Nikamchagua yeye."

"Kwamba alikufa najua, mjukuu wangu, nilimzika mwenyewe. Aliyemfungia je? Yule meneja kaagwa alipostaafu, kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani."

Aliingiza ukucha chini ya pembe ya karatasi, akaibandua. Ilitoka nzima, akampa msichana.

"Mama, tafadhali!" mwalimu alisema. "Tumefika fainali!"

"Basi kaeni. Mimi nimefika ninapotaka."

Jaji alikuja na penseli yake. Aliutazama ubao, akamtazama bibi, kisha akashusha sauti. "Binti, ibandike tena. Nakupa dakika tano. Sijaona kitu."

Karatasi ilikuwa mkononi mwa msichana, gundi bado ikinata. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Jaji alihesabu tangu neno la kwanza. Saa saba kasoro dakika tano aliandika 538 kwenye kadi, akatia sahihi, akaugeuza ubao ukaelekea ukutani.