Glavu za Morana

Tumbo la Apolena lilinguruma wakati maiti yake ikisifiwa.

Halikunguruma kidogo. Lilitoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, kama paka aliyefungiwa kabatini, tena pale hasa Bwana Sebaldus, mshairi, alipokuwa amefumba macho na kuufikia ubeti wa midomo iliyopoa. Mshairi akanyamaza. Mishumaa myeusi iliendelea kuwaka ingawa nje kulikuwa na jua. Vijana wenzake, waliojilaza juu ya mito sakafuni, wakatazama dari kwa adabu, kama watu waliosikia jambo kanisani.

"Apolena," mchoraji Evžen Skrbek alisema kutoka nyuma ya turubai lake, "wafu hawangurumi."

"Samahani, Bwana Evžen. Huyu alikufa bila kula."

Mtu mmoja akacheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Apolena alikuwa amelazwa juu ya makasha yaliyofunikwa mahameli ya rangi ya mvinyo, mkononi ameshikishwa yungiyungi la nta. Kulala maiti ni kazi, asikudanganye mtu. Pumzi huvutwa kutoka chini, tumboni, polepole, ili shuka lisipande. Taya huachiwa lilegee lakini lisifunguke. Mguu ukifa ganzi unauacha ufe. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi inayokwenda yenyewe. Tangu vuli alikuwa amekufa binti mfalme, amekufa mtawa, na mara moja amekufa malkia wa nchi ya mashariki ambayo Bwana Evžen hakuwahi kuikanyaga.

Kabla ya hapo alikuwa mshonaji katika karakana ya glavu. Kifua kikamshika, na msimamizi wao, Bi Terezie, akamrudisha nyumbani: mtu anayekohoa hudunga sindano pasipotakiwa, na ngozi ya mwanambuzi ikishatobolewa haisamehe. Evžen alimkuta kwenye benchi la hospitali, uso mweupe kama nta, akasimama mbele yake kama mtu aliyeokota pochi. Akampa kazi ya kulala.

Maana mwaka ule vijana wa Praha wa namna yake walikuwa wamempenda Kifo, na walimpenda kwa zamu. Walivaa makoti marefu meusi, wakafukiza ubani, wakasema dunia imezeeka na imechoka, na kwamba kilichobaki kwa mtu mwenye roho ni kuoza kwa uzuri. Ila kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, wote walikuwa wamefika ofisini. Sebaldus mwenyewe mchana aliitwa Vojtěch Kadlec, karani wa ofisi ya kodi, na mama yake bado alimfumia soksi.

Wageni walipoondoka, Evžen alimwita Apolena mbele ya turubai.

"Hebu angalia. Hapa nilikuchora mwezi wa kumi na moja. Na hapa nimekuchora leo. Unaona?"

Apolena aliona. Binti aliyechorwa alikuwa na paji la uso la barafu na mashavu ya mtu aliyetoka kucheza ngoma.

"Nimepata nafuu, Bwana."

"Ndiyo tatizo. Maonyesho ni baada ya Pasaka. Mara mbili wameirudisha kazi yangu, Apolena. Nikiwapelekea muuza matufaha aliyelala usingizi watanicheka mpaka mlangoni." Akatoa chupa ya siki. "Njaa ikikuuma, kunywa kijiko. Huondoa damu usoni. Na supu uiache mpaka nimalize. Sanaa inadai."

"Naona inanidai mimi tu. Wewe una soseji kwenye ndevu."

Evžen alijifuta ndevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na koti moja tu la baridi, na hilo alimfunika nalo Apolena kila alipomaliza kufa. Apolena akaichukua chupa.

Akanywa siku kadhaa. Akawa mweupe, Evžen akafurahi, akachora huku akipiga mluzi. Kisha siku moja, sokoni, mkono mgumu ukamshika bega. Alikuwa Bi Terezie wa karakana, na kapu la vitunguu.

"Bado unakohoa?"

"Kidogo tu, Bi."

"Msimu wa harusi unakuja na wateja wamenijaa kooni. Kiti cha dirishani kiko wazi. Jumatatu, baada ya Jumapili ya Kifo, uje ushone kidole gumba mbele yangu. Kikisimama, kiti chako. Kisiposimama nampa mwingine, na usije kunililia. Sijaribu mtu mara mbili."

Gumba ndilo linalomtenganisha mshonaji na mtu mwenye sindano. Vidole vingine vinakwenda moja kwa moja. Gumba linazunguka, linapinda, linataka ngozi ivutwe upande mmoja na kuachiwa upande mwingine. Likikosewa, glavu nzima huwa ya kupangusia meza.

Nyumbani, mtaa wa Žižkov, Apolena aliopoa mabaki ya ngozi kutoka sanduku la zamani, akabana ukingo kwenye meno ya kibanio cha shaba, akaanza kushona glavu ya majaribio. Sindano ilitetemeka. Alipofika kwenye gumba mishono ilikuwa ikitembea kama mwanamume anayerudi kutoka kilabuni, hatua moja mbele, moja kwa jirani.

Shangazi yake, Rozálie, muosha glasi za bia, alikuwa akisimamia sufuria ya kabeji huku akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Mkono huo una nini?"

"Siki, shangazi."

"Kwaresima imeninyima nyama, nimenyamaza, kwa sababu ni Kanisa. Huyu wako anakunyima hata dengu. Yeye nani, Askofu?"

"Ni mpaka picha iishe. Analipa."

"Alikukuta unakufa, akakupenda. Sasa unapona, amenuna. Marehemu mume wangu alikuwa mshenzi, Mungu amrehemu, lakini nikiumwa alitaka nipone. Japo apate mtu wa kumpikia."

Apolena alicheka, na kicheko kikammaliza nguvu. Ikabidi ashike meza. Akaitazama ile glavu iliyopinda. Akatazama vidole vyake. Akaikumbuka pumzi ya kuvutwa kutoka chini, jinsi alivyokuwa hodari wa kuificha.

Akainuka, akachukua chupa, akamimina siki yote ndani ya kabeji.

"Ilikuwa inahitaji," shangazi alisema alipoonja.

Walikula matonge ya unga na kabeji mpaka sufuria ikalia chini. Kesho yake akala tena, na keshokutwa, na Ijumaa akashona glavu ya pili. Gumba lilipanda likazunguka likashuka bila kuuliza njia.

Jumamosi wasichana wa mtaa walikuwa uani wakimfunga Morana. Huyo ndiye Bi Kifo wa majani makavu anayebebwa kila mwaka Jumapili ya Kifo, wiki mbili kabla ya Pasaka, akatupwe mtoni na baridi yote ya mwaka. Walikuwa wamemvika mkufu wa maganda ya mayai. Apolena akawapa gauni alilolivaa hospitalini. Kisha, kwa kuwa mikono ya Bi Kifo ilikuwa vijiti tu, akamvika zile glavu mbili, iliyopinda na iliyonyooka.

"Kesho nitatembea naye kwanza mahali," akawaambia. "Mnisubiri mlangoni tu."

Evžen alikuwa ameitisha sherehe kwa adhuhuri hiyo ya Jumapili: wenzake wote wangekuwapo, akiuchora uso mara ya mwisho. Walipomwona Apolena akiingia na mwanamke wa majani mgongoni, mashavu yake yakiwaka kwa kupanda ngazi, walijiinua kutoka kwenye mito. Alimlaza Morana juu ya mahameli. Akamkunja mikono. Akamshikisha yungiyungi.

"Huyu hali, hapumui, hangurumi," alisema. "Unaweza kumchora mpaka kengele za mchana ziishe, Bwana Evžen. Halafu ninamchukua, lazima azame leo."

"Apolena, hayo ni majani makavu."

"Na mimi ulitaka niwe nini?"

Sebaldus alikuwa ameshapiga magoti karibu. "Hebu oneni mikono," alinong'ona. "Mmoja umenyooka, mmoja umepinda, kana kwamba Kifo kimesita. Uzuri wa kutisha."

"Hiyo ni siki," Apolena alisema.

Evžen aliweka brashi chini. "Ukitoka leo, kazi hii huipati tena. Nitatafuta mwingine."

"Najua." Alijua pia kwamba Jumatatu haijafika, na kwamba kati ya turubai hili na kile kiti cha dirishani hakukuwa na kitu chochote cha kukalia. Sauti yake haikupanda. "Huyo mwingine, mwache ale."

"Huelewi. Siku ile kwenye benchi... uso ule... Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile maishani mwangu." Aliisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa akiigiza, na kwa kitambo Apolena alimwonea huruma, akakaribia kulegea.

"Nilikuwepo, Bwana Evžen," akasema. "Kwa ndani hakukuwa hivyo."

Kengele zikaanza. Hakuna aliyechora. Zilipokatika, Apolena aliingiza mikono chini ya Morana amwinue, na hapo Sebaldus akasimama akiwa amepata wazo, jambo ambalo kwake lilionekana kama maumivu ya jino.

"Tusimzamishe. Watu wote humfukuza, sisi tumkaribishe. Alale humu."

Wote walikuwa wamezaliwa na akina mama, na kila mama wa nchi ile amemfundisha mwanawe kwamba Morana halali ndani ya nyumba baada ya siku yake. Vijana wakaangaliana. Mmoja akavuta mto wake mbali kidogo na makasha.

"Na wewe utalala naye hapa, Bwana Vojtěch?" Apolena aliuliza. Morana alikuwa tayari mgongoni.

Sebaldus akasema kwamba mama yake alikuwa akimsubiri.

Basi wakashuka. Wasichana waliimba njia nzima mpaka mto Vltava, shangazi Rozálie akiongoza na mwiko, nyuma yao kundi la makoti meusi ambalo halikualikwa ila halikuwa na pengine pa kwenda. Barafu ilikuwa imepasuka. Vipande vyake vilipita vikigongana. Apolena alisimama ukingoni, akamvua Morana mkufu wa mayai na kumrudishia binti mdogo mwenye mkufu. Glavu hakuzivua. Akamtupa.

Na ukishamtupa unageuka unakimbia. Hutazami nyuma. Atakayetazama, au atakayebaki wa mwisho, mwaka huo ni wake.

Wapenzi wa Kifo walikimbia. Sebaldus alikuwa wa kwanza, koti kalikunja hadi kiunoni, soksi za mama zikionekana, akampita shangazi Rozálie bila kuomba radhi. "Wee karani," shangazi alipiga kelele, "mbona hungoji, si mpenzi wako yule?" Evžen alibaki ukingoni kwa muda, mikono mfukoni. Kisha Apolena akasikia nyuma yake viatu vizito vikigonga mawe, kwa haraka, vikikaribia.

Yeye alikimbia akikisubiri kikohozi. Kilikuja katikati ya mlima, kidogo, kikavu. Akakimbia nacho.

Jumatatu kulikuwa na matone yakidondoka kutoka paa la karakana. Bi Terezie hakusalimia. Aliweka mezani kipande cha ngozi ya kijivu, iliyolowekwa na kuvutwa, akasimama huku kafumbata mikono. Apolena alitoa sindano kwenye ukosi wake. Alikuwa amekula mkate na mafuta ya bata na kitunguu kizima, na harufu ya kitunguu ilifika mezani kabla yake. Akabana ngozi. Akaanza chini, pale gumba linapotoka kwenye kiganja, akavuta upande mmoja, akaachia mwingine. Mara moja tu kifua kilimwasha. Aliinua sindano hewani, akakohoa kwenye bega, akasubiri, akaishusha palepale.

Alipokata uzi, Bi Terezie aliichukua kazi, akaenda nayo dirishani. Akainyoosha mbele ya mwanga, akatafuta tundu. Akaigeuza. Kisha akaingiza gumba lake mwenyewe, nene, lenye makovu ya sindano, ndani ya gumba lile la kijivu, akalisukuma mpaka mwisho, na taratibu akaanza kulikunja, na mishono ikapinda nalo bila kuachia.